Mbuzi Kwenye Kaseti

Nilipokuwa mtoto, nilifuta maneno ya mjane wa kijiji cha Litapunga kwenye kaseti ya Mama nikarekodi mlio wa mbuzi, na mbuzi mwenyewe nilikuwa mimi. Mpaka leo harufu ya betri za redio zilizoanikwa juani hunirudisha sebuleni kwetu Majengo. Mama, mwandishi wa habari pekee aliyevaa baibui Mpanda nzima, alikuwa amemwita mjane pamoja na shemeji yake, aliyetaka kumrithi mjane huyo pamoja na shamba la marehemu mumewe. Akabonyeza redio kaseti shemeji amsikie mjane akikataa.

"Meee!"

Shemeji akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Mama mwandishi, ndiyo haki za wanawake hizo?"

Mjane akainamisha kichwa. Mama hata hakunitazama. Akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, akamsogezea mjane redio.

"Haya dada, sema tena, shemeji yako mwenyewe akisikia."