Ubao wa Mia na Hamsini

Kila nifunguapo kopo la rangi nyeupe ya mafuta ili nitie alama kwenye jiwe la mpaka, kwani upimaji wa ardhi ndiyo kazi niliyosomea, harufu yake hunirudisha Tabora, kwenye uwanja wa mazoezi ya gofu alioutunza baba yangu. Mniwie radhi nikikiri mapema kwamba si kumbukumbu tamu.

Baba alikuwa na hatua isiyobadilika: mita moja kamili, jua au mvua. Watu wa Goweko walipogombania mpaka wa shamba la tumbaku walimwita yeye. Alitembea mikono nyuma, midomo ikichezacheza, na aliposimama ugomvi ulikwisha. Alipenda kusema kwamba babu yake alikuwa pagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani, na kwamba mguu wa Mnyamwezi hausemi uongo. Nikiwa msichana wa miaka kumi nilijifunza hatua ile, nikirukaruka nyuma yake kama mwanambuzi.

Uwanjani ndiye aliyezisimika mbao za umbali. Mchezaji alipiga mpira, akatazama umeangukia karibu na ubao gani, akajua fimbo aliyoipigia inafika wapi, maana kila fimbo ina umbali wake.

Siku moja meneja akaagiza mbao zisogezwe karibu. "Mteja anakuja kufurahi, mzee," alisema. "Hakuja kupimwa."

Kesho yake, umande haujakauka, baba alizing'oa. Mimi nilibeba kopo la rangi, nikihesabu. Ubao wa mia na hamsini alikuwa anausimika kwenye hatua ya mia na thelathini.

"Baba, bado ishirini."

Akajibu bila kugeuka, "Paka rangi, mwanangu."

Wateja walifurahi kwelikweli. Wazee wenye vitambi waligundua ghafla kwamba ujana wao ulikuwa haujaenda mbali.

Lakini alikuwapo pia Saidi, fundi cherehani kijana wa Mtendeni, aliyekuja kila jioni na fimbo za kuazima, nyuzi zikiwa bado zimemnasa kwenye shati. Klabu moja ya Dar es Salaam ilikuwa imemwita kumjaribu. Ikimkubali, ingemfundisha na kumwajiri. Nafasi ilikuwa moja.

"Mzee, hatua hizi ni za pagazi kweli, au za bibi harusi?" alitania jioni ya mwisho.

"Za pagazi."

"Umepima mwenyewe?"

Baba alinitazama mimi kwanza. "Nimepima mwenyewe."

"Basi sina wasiwasi."

Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo ya mipira iliyofunikwa, miguu nimeikunja. Nilijua. Nikanyamaza.

Wiki iliyofuata Saidi alirudi. Alitueleza kwa maneno machache: kwenye jaribio palikuwa na bwawa la kuvusha mpira, mita mia na arobaini, akachagua fimbo aliyoijua kuwa inafika mia na hamsini. Mipira mitatu, yote majini. Kisha, palepale mbele yetu, akavua viatu, akatembea polepole hadi kwenye ubao wetu wa mia na hamsini, akihesabu kwa sauti. Aliishia mia na thelathini.

Nilingoja matusi. Alirudi, akavaa viatu, akainamisha kichwa mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee."

Akaenda zake. Midomo ya baba ilifunguka, lakini marahaba haikutoka.

Baba aliendelea na kazi ile, ndiyo iliyonisomesha. Ila watu wa Goweko walipokuja tena kumwita, aliwaambia, "Tafuteni kamba." Nilimkasirikia, nikidhani amepata kiburi. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa amejihukumu, na kwamba hukumu ile hakuikatia rufaa mpaka tulipomzika.

Mimi hakuna aliyenihukumu. Nilihesabu vizuri asubuhi ile, kuliko siku yoyote. Lakini ishirini zile nilizitamka mara moja tu, tena kwa mtu ambaye tayari alikuwa anajua.