Redio ya Nyuma ya Pazia

Sebule yetu kule Kamembe ilikuwa na viti vinne vya mbao, na kila kiti kilivaa kitambaa cheupe alichofuma mama. Kulikuwa na mkeka wa plastiki kutoka Bukavu, meza fupi, na juu ya kabati, chini ya kitambaa chake yenyewe, redio. Redio ile iliheshimiwa kuliko sisi watoto. Ilifutwa vumbi kila asubuhi na hakuna aliyewahi kuichapa. Baba, fundi cherehani, aliinunua kabla ya vita, akakimbia nayo, akarudi nayo na mkwaruzo mmoja tu.

Saa kumi na nusu, baba akishasali, aliacha cherehani barazani akaja kukaa. Mama aliingia kutoka sokoni na kuvua viatu. Chupa ya chai ya tangawizi iliwekwa mezani, karanga za kukaanga zikamiminwa kwenye sinia, nasi tukasikiliza matangazo ya waliopotea.

Ndiyo, hayo ndiyo yalikuwa maburudisho yetu. Wengine walikuwa na mpira, sisi tulikuwa na waliopotea. Baada ya vita na kambi, redio ilisoma kila alasiri majina ya watu waliotafutana: mtoto fulani, miaka fulani, alipotezana na wazazi wake mahali fulani, anamtafuta mama yake. Mwanzoni nyumba nzima ilisikiliza kwa machozi. Mwaka ukapita, machozi yakaisha, chai ikabaki. Mimi na kaka yangu tukabuni mchezo. Kabla mtangazaji hajasema, unabahatisha: atakayefuata ni wa kiume au wa kike? Ukikosa, unatoa karanga tano. Baba alianza kwa kutukemea, akaishia kucheza nasi. Siku moja alibahatisha wasichana sita mfululizo, akatufilisi, akacheka akijipiga paja.

Mtu mmoja tu hakucheza, naye ni mama mdogo, yaani mdogo wake mama.

Alirudi kutoka kambi za ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu, akiwa na godoro kichwani na bila mtoto. Kambi ilipopigwa risasi watu walikimbilia msituni, naye alikuwa amemshika mwanawe mkono, mtoto wa miaka saba. Godoro likateleza. Akauachia ule mkono ili alidake godoro, na alipogeuka hakumwona mtoto. Alilalia godoro hilo hilo kwetu, katika chumba alichoshiriki nami, na sijui mtu anapataje usingizi juu ya kitu kama kile.

Asubuhi alikaanga mandazi ya kuuza. Alasiri aliketi karibu na redio kuliko sisi sote, akifuma sweta nyekundu ya mwanawe. Kila msimu wa mvua aliifumua yote na kuifuma upya, kubwa kidogo, kwa kuwa mtoto hukua hata akiwa amepotea. Sisi tuliporushiana karanga na kubishana, yeye aliinamisha sikio. Jina la mwanawe alikuwa ameliandikisha katika ofisi ya kutafuta watoto, kwenye mteremko wa barabara ya daraja la mpakani, na alingoja lisomwe. Hakuwa na jambo jingine maishani.

Kisha vita vya pili vikaanza ng'ambo. Askari waliokuwa wakivuka walinunua betri zote madukani. Zetu baba alizianika juani juu ya bati, akaziuma kwa meno, akazigongagonga, zikampa siku tatu za sauti ya mtu mwenye mafua, kisha kimya. Alikasirika kama mtu aliyenyimwa chakula cha jioni.

Siku ya kwanza bila redio tuliketi tukitazamana. Siku ya pili niliingia nyuma ya pazia la chumba cha kulala, nikatia mdomo kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikaanza. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na yule mtangazaji nilimjua ndani nje: alivyovuta pumzi kabla ya jina, alivyoishusha sauti kwenye "anamtafuta mama yake." Nikatangaza kwamba bibi mmoja wa Mururu anamtafuta mbuzi wake. Nikatangaza kwamba kuna mume wa Nyakabuye anayetafutwa na wake watatu, na akipatikana hakuna anayemtaka. Chai ilimpalia baba kwa kicheko. Mama alinikemea huku amefunika mdomo kwa khanga. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa redio, na karanga nilipewa konzi nzima bila kubahatisha.

Mama mdogo aliendelea kufuma. Lakini siku ya nne hivi, baba akiwa barazani na mteja, mama bado sokoni na kaka uwanjani, alilitazama pazia na kusema kwa adabu kabisa:

"Mutangazaji, unisomee ya mutoto wangu."

Nilidhani ananitania. Nikavuta pumzi, nikasoma. Mtoto wa kiume, miaka tisa, alipotezana na mama yake njiani. Yuko mahali salama. Anamtafuta mama yake.

Halafu akauliza: "Iko na viatu?"

"Ana viatu."

"Anakulaka?"

"Anakula mara mbili kwa siku. Ugali na vidagaa vya sambaza."

Nilimsikia akiinuka. Chini ya pazia ukapita mkono wake, na kwenye mkono mandazi mawili ya moto.

Basi tukawa na desturi yetu, mimi na yeye, kila alasiri kabla wengine hawajaingia. Sikuchelewa kuitambua nguvu niliyokuwa nayo. Mandazi yakiwa mawili, mtoto alicheza mpira na kupewa blanketi jipya. Likiwa moja, alikohoa. Siku aliyoniletea lililoungua, nilimpa mwanawe malaria, na homa ile haikushuka kwa siku nne.

"Bamupe dawa," alisema mama mdogo kwa sauti ndogo.

"Dawa zimekwisha," redio ikajibu.

Pazia lilikuwa na tundu. Kupitia tundu lile niliona sindano zake zikisimama, na nilipenda kuziona zikisimama. Watu husema watoto hawajui wanalofanya. Mimi nilijua, na sikumhurumia hata kidogo. Nilimwona mjinga, mtu mzima anayehonga kopo la maziwa. Kesho yake alileta mandazi matatu, na homa ikashuka.

Halafu ikaja ile siku ya mvua. Ilinyesha tangu asubuhi, ziwa halikuonekana, na sweta nyekundu ilikuwa juu ya godoro, imekamilika mikono yote miwili. Nikaivaa. Ilinikaa vizuri ajabu, yenye joto. Nikaketi nayo kwenye kiti cha baba nikijimiminia chai, nikajimwagia kifuani. Mama mdogo aliingia na beseni lake, akaniona. Alinichapa kofi moja la shavu, akanivua sweta kama anayemenya ndizi, akaenda kuiosha.

Hakuna aliyekuwa amenichapa tangu niwe redio. Nikaingia nyuma ya pazia na shavu langu likiwaka, nikamngoja aketi. Aliketi, akachukua sindano na uzi uliobaki, akaanza kufuma kitu kidogo, labda soksi. Hata hakuniomba kusoma. Nikasoma mwenyewe.

"Tangazo. Mtoto wa kiume, miaka tisa, aliyekuwa akimtafuta mama yake, amefariki. Amezikwa na wapita njia. Mama yake asimtafute tena."

Nilitazama kwenye tundu. Nilitaka alie, aniombe, alete sinia zima. Nilikuwa tayari kumfufua kesho yake kwa mandazi mawili na samahani moja. Lakini mama mdogo alimaliza mstari aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Alasiri ile baba alipokuja na kudai matangazo, nilisema kichwa kinaniuma.

Siku chache zilizofuata hakuja tena kwenye pazia. Alimwendea baba barazani, akasimama mbele ya cherehani.

"Papa, kuko habari munanificha?"

Baba hakujua lolote. Lakini habari za ule msitu alizisikia kama alivyozisikia kila mtu mjini, na zilikuwa mbaya. Akainamia kitambaa chake. "Tungoje, shemeji," alisema. "Tungoje tu." Jikoni mama aliulizwa swali hilo hilo, akachukua sufuria safi akaanza kuisugua.

Wiki iliyofuata mama mdogo alivaa nguo yake ya Ijumaa, akanishika kifundo cha mkono na kuniambia tutembee. Tuliteremka barabara ya daraja. Hakunikazia, ila hakulegeza hata mara moja, na nilielewa ni kwa nini.

"Nilijua ni weye nyuma ya pazia," alisema tukiwa njiani. "Tangu siku ya kwanza. Ile ya viatu, ile ya sambaza, ulikuwa unanifurahisha tu, na miye nilikuwa nafurahi. Lakini hii ingine mutoto hawezi kuitoa mu kichwa yake. Ulibasikia bakubwa."

Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa mwenyewe moja kwa moja. Wakubwa hukaa nayo kwanza. Hunong'ona jikoni, hutafuta siku nzuri, na mwenye msiba huwa wa mwisho kuambiwa. Wanaoivujisha kwa kawaida ni watoto. Mama mdogo alijua hivyo maisha yake yote. Ameuliza, shemeji yake akainama, dada yake akasugua sufuria safi. Alitaka nini zaidi?

"Hapana kosa yako," akaniambia. "Usilie."

Sikuwa nikilia. Nilikuwa nikiifikiria fimbo ya baba, na, Mungu anisamehe, nilikuwa nikifikiria pia kwamba nikisema kweli sitaruhusiwa tena kuwa redio. Nilifungua mdomo mara mbili. Tulipita watu wenye magunia, tulipita pikipiki ya askari, tukafika.

Ofisini kulikuwa na mwanamume mwenye miwani na daftari kubwa. Alilipata jina upesi. Pembeni yake palibandikwa picha ndogo, mtoto amekunja uso kwa jua. Sikuwahi kuiona picha ile. Nilikuwa nimemvisha viatu, nimemlisha, nimemuuguza na kumuua bila kujua ana uso gani.

"Umukate mu daftari," mama mdogo alisema. "Alikufa."

Yule mwanamume aliweka kalamu chini. "Maman, nikimukata, hata akitokea leo kule ng'ambo, hakuna mutu atajua ni wako."

"Kata. Mutafute batoto ya benzangu."

"Nani alikuletea habari?"

"Kwetu bote banajua. Banaogopa kuniambia. Huyu ndiye alibasikia."

Mwenye miwani aliniinamia juu ya meza. Hakuwa mtu wa haraka, hilo namshuhudia. Alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka aambiwe hapana. "Ni kweli, mutoto wangu? Ulisikia nyumbani?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Sikutishwa na mtu, sikubanwa. Nilihitaji neno moja tu. Nikaitikia kwa kichwa.

Alichukua rula, akapiga mstari ulionyooka. Kisha akabandua picha kwa kucha, taratibu isichanike, akamkabidhi mama mdogo.

Tulipofika nyumbani mama mdogo aliketi mlangoni, ndani nusu, nje nusu. Mama alitoka mbio kumuuliza kuna nini. "Natoka ku bureau," alisema. "Mutoto alikufa." Mama akapiga yowe, majirani wakaja, baba akafunika cherehani. Nyumbani wakaamini kwamba habari imetoka ofisini. Ofisini waliamini imetoka nyumbani. Hakuna aliyewahi kuzikutanisha hizo mbili, kwa sababu mtu wa kuzikutanisha alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nikizungusha maji ya kunawa kwa wageni. Baba alisoma dua kwa sauti iliyokatikakatika. Alilia kweli. Nadhani alizikumbuka zile karanga.

Redio yetu ilipata betri, ikasema tena kabla mwaka haujaisha. Muziki tulisikiliza, habari za vita tulisikiliza, hata bei ya mchele wa Bugarama. Lakini ikifika saa kumi na nusu baba aliizima, kwa kumheshimu shemeji yake aliyefiwa, nasi tukanywa chai kimya mpaka matangazo yaishe. Aliizima kila siku, miaka yote iliyobaki ya matangazo yale. Kama yule mtoto alisomwa, kama alimtaja mama yake, basi alisomwa katika saa hiyo, na kila nyumba ya Kamembe ilimsikia isipokuwa ya kwetu. Nilikuwa nimekaa pale. Ningeweza kunyoosha mkono nikaiwasha.