Nilivyomchongesha mume wangu vitako vya bunduki ambavyo mwindaji hata mmoja hakuvitaka

Wakuu, habari za mihangaiko.

Anayetafuta chai ya kutunga ageuzie hapahapa. Huu ni uji, tena wa moto, na aliyeungua ni mimi mwenyewe. Shahidi ninaye, yuko hapa pembeni anakula ubwabwa ninavyoandika.

Mods, nawaomba msinihamishie uzi jukwaa la mapenzi. Hii ni biashara. Kwa bahati mbaya.

Nina hasira. Nimejikasirikia mimi, nimemkasirikia bosi wangu, nimekasirikia mpaka birika la kazini ambalo halijanikosea kitu. Someni tu, mtanielewa.

Mimi ni Zai, mama wa mtoto mmoja, Form Four yangu niliimalizia Temeke, sasa hivi naishi Joburg, flati za Joubert Park. Kazi yangu ni kupokea simu, kupika kahawa na kufagia kwa fundi bunduki. Ni mzee wa Kiafrikana, tunamwita Oom Hennie. Oom ni kama kusema mjomba.

Kabla hamjaniita gaidi: ni bunduki za kuwindia swala. Zina leseni, zinalala kwenye sefu, na ufunguo wa sefu sijui hata una rangi gani.

Ni zile za kukoki kwa mkono. Unavuta chuma nyuma, unasukuma mbele, unapiga moja, unarudia. Kabla ya msimu wa baridi, ambao ndio msimu wa kuwinda, wateja wanapanga foleni mpaka nje.

Sasa mimi nikiwa na ufagio wangu nikaanza kuwa mchumi.

Niliona kuna aina moja ya bunduki kila mtu anayo. Ya kiwandani, bei nafuu, nyeusi tii, kitako cha plastiki. Kitako ni ile sehemu unayoshika na kuegemeza begani. Mimi nikaipa jina Plastiki. Kijana anayeanza kuwinda ana Plastiki. Mkulima ana Plastiki nyuma ya bakkie, yaani pikapu, imelala na majembe.

Na nikaona kitu kingine: Plastiki haiachwi pale dukani kufanyiwa marembo. Bunduki za zamani ndizo zimejaa kwenye meza ya Oom zikisubiri mbao mpya, mtutu mpya, michoro. Plastiki inakuja na mwenyewe kununua risasi, inaondoka naye.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini.

Mimi nikasema: hii ni fursa!

Wakuu, msinicheke bado. Mimi nimekulia kwenye kibanda cha shangazi Kariakoo, tukiuza kava za simu. Na sheria ya kava kila mtu anaijua: simu iliyo mikononi mwa wengi ndiyo inayouza kava. Simu ya ajabu ajabu, kava lake linaozea kwenye msumari. Kwa hiyo bunduki yenye watu wengi itauza vitako vingi. Hesabu imeisha. Nilijiona nimewapita wazungu wote wa ile karakana.

Sasa fundi wa kuchonga ningemtoa wapi?

Ninaye ndani.

Mume wangu Mussa ni mtu wa Tanga, seremala. Milango aliyochonga kule kwao watu wanapiga nayo picha za harusi. Hapa Joburg yuko kiwanda cha makabati ya jikoni, anapiga skrubu kwenye mbao za unga uliogandishwa kwa gundi. Kila nikimwona anarudi na lile vumbi jeupe kichwani roho inaniuma. Yeye haimuumi. Anaoga, anakula, anambeba mtoto.

Wakati huohuo kiwandani walimwambia wanataka kumfanya supavaiza. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi ajibu.

Nikamwambia, "Baba Rayyan, kataa."

"Nikatae?"

"Kataa. Ukishakuwa supavaiza utazeekea kwenye mbao za unga. Mimi nataka uwe na karakana yenye jina lako."

Akaniangalia. Akamaliza kikombe chake. Mtu wa Tanga hakurupuki.

"Haya, mama Rayyan. Kama waona yafaa."

Akaenda akakataa.

Nikamwomba Oom kitako kimoja kikuukuu cha Plastiki kilichokuwa kwenye mapipa ya takataka, nikamwambia mume wangu anataka kujaribu mkono. Akasema chukua. Mussa akatafuta vipande vya mninga, huku wanaita kiaat. Ndiyo, mninga uleule wa vitanda vya kwetu. Akaanza kuchongea kwenye baraza la flati kila akitoka kazini.

Kitako si bunduki, ni mbao tu, nilimuuliza Oom mapema akanihakikishia. Lakini nenda kamwelezee jirani yangu Mama Gloire, mtu wa Lubumbashi.

"Eh! Mama Rayyan! Ile poussière ya bwana yako inaingia mu sombe yangu!" Yaani vumbi kwenye kisamvu chake.

"Samahani, Mama Gloire, anamalizia."

"Anamaliza nini? Kila siku anamaliza! Anachonga kasia? Huku Joburg kuko mto wapi?"

Nikamjibu kwamba siku tukihamia nyumba yenye geti atakuja kuomba chumvi. Kumbukeni hayo maneno, maana yeye hajayasahau.

Vikatoka vitako vitano. Wakuu, sisemi kwa sababu ni mume wangu. Vilikuwa vinang'aa kama vimepakwa asali. Kimoja kina mistari ya mbao inayozunguka kama nywele za mtoto.

Oom akaniruhusu nivipange kwenye kaunta. Nikaandika kibao.

Mteja wa kwanza mwenye Plastiki akakishika, akakipapasa, akasema "Mooi." Maana yake nzuri. Akanunua risasi, akaondoka.

Wa pili: mooi. Risasi. Kwaheri.

Mwingine akauliza kama ni mguu wa meza.

Msimu mzima, mooi, mooi, mooi. Neno hilo nikilisikia sasa hivi hata kwenye taksi nashuka.

Halafu siku moja wakaingia wawili kwa pamoja. Mmoja mama wa makamo, amekumbatia bunduki kuukuu ya babu yake iliyopasuka kitako. Bunduki yenyewe hata shabaha haina, Oom alisema mtutu umechoka. Yule mama anaishika kama anamsindikiza mgonjwa. Akataka irudishwe kama alivyoiona utotoni, na hakuuliza bei mpaka alipokuwa anatoka mlangoni.

Wa pili kijana mwenye Plastiki mpya. Nikamwonyesha mninga wangu. Akacheka kwa upole.

"Sisi," akaniita, ndiyo dada kwa huku, "hicho ni ghali kuliko bunduki yangu."

Alipotoka nikamgeukia Oom. Uvumilivu uliniisha.

"Oom, hawa watu wana nini? Wana bunduki mbaya, nawapa mbao nzuri, hawataki!"

Mzee akavua miwani.

"Nani alikwambia ni mbaya? Ile inapiga inapolengwa tangu siku inatoka kwenye boksi. Fundi anaishi kwa kasoro, Zai. Niirekebishe nini?"

"Triga?"

"Ya kwake unairegeza mwenyewe kwa ufunguo mdogo."

"Mtutu?"

"Umeshikwa na nati. Mwenye spana na kipimo chake anabadilisha gereji kwake huku anachoma nyama. Mimi hanihitaji."

Nikaendelea kubisha, maana mimi nikishaanza kupotea huwa sigeuzi gari.

"Basi kitako!"

Akachukua kitako cha Mussa, akanionyesha ndani. Kuna mahali panapokaa kile kipande cha chuma kinachopokea teke la bunduki. Bunduki nyingi za zamani, chuma hicho kimeungana na bunduki yenyewe. Plastiki, chuma chake kinakaa ndani ya kitako, kwa vipimo visivyofanana na vya bunduki nyingine. Ndiyo maana Mussa alihangaika na mfereji wa kukalisha hicho chuma jioni nyingi, akipima, akikuna, akipima tena.

"Wanaotengeneza vipuri," Oom akasema, "wanafuata ile bunduki ya zamani ambayo nyingine nyingi ziliigwa kwake. Ukitengeneza kimoja, kinaingia kwenye nyingi. Plastiki inajifanana yenyewe tu."

Wakuu, hapo ndipo kava za simu ziliponirudia kichwani. Nilikuwa nimesahau nusu ya biashara ya shangazi. Tulikuwa tunauza pia chaji. Na chaji iliyotulisha ilikuwa ile ya pini ndogo, inayoingia kila simu.

Akamalizia na msumari wa mwisho. "Halafu, mtu hununua Plastiki ili asiwe na wasiwasi nayo. Aitupe nyuma ya gari, inyeshewe, ipate mikwaruzo. Ukimwekea mbao nzuri umemwongezea wasiwasi. Na siku akiiuza, hakuna atakayemrudishia gharama ya marembo."

"Sasa kwa nini hukuniambia toka mwanzo?"

"Ulisema mumeo anataka kujaribu mkono. Nimeona mkono. Ni mzuri."

Nilienda kuosha vikombe. Kimoja kilivunjika, na siyo bahati mbaya.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Mussa yote, kwa sauti ambayo Mama Gloire aliisikia bila kutega sikio. Nati, mfereji, yule mama wa babu yake. Mwenzangu anamenya viazi.

"Hayo ya kwamba haina kasoro," akasema, "nilijua siku ile ulipoleta ile plastiki."

"Ulijua?"

"Niliishika tu nikaona imekaa vizuri begani. Haina cha kuongezwa."

"Mussa! Ukachonga vitano? Ukakataa usupavaiza? Mbona hukusema?"

Akaendelea kumenya.

"Ulikuwa wafurahi, mama Rayyan. Tangu tuje mji huu sikuwahi kukuona wafurahi vile. Ningekukatiza vipi?"

Hapo nilichukua kisu nikasaidia kumenya viazi.

Usupavaiza alipewa kijana mdogo tu. Anamwita Mussa "baba" huku anamtuma skrubu. Mussa anasema kijana ana adabu. Mimi nikimfikiria huyo kijana natafuta kitu cha kurusha.

Vitako vipo. Viwili chini ya kitanda. Kimoja Mama Gloire alikiomba akisongee ugali, nikampa, na cha ajabu anakisifia. Kimoja mwanangu anakipanda akizunguka nacho chumba kizima, anapiga kelele "ihhashi! ihhashi!" Ndiyo farasi hiyo, kwa Kizulu, maana Kiswahili anakisikia ila hakijibu. Kile chenye mistari ya nywele kiko ukutani kwa Oom.

Nilichojifunza: ukitaka biashara ya kurekebisha kitu, usihesabu wangapi wanacho. Uliza wanakilalamikia nini. Kitu kisicholalamikiwa hakina fundi. Na kuna watu watalipia kitu kibovu kwa sababu wanakipenda, wakati kizuri wanakitumia tu.

La pili nalisema kwa sauti ya chini kwa sababu mhusika yupo hapa. Mume asiyelalamika naye, dada zangu, msikimbilie kumchonga.

Sasa leo Oom kaniambia nimlete Mussa Jumamosi, akichonge kitako cha yule mama wa bunduki ya babu palepale karakana, chini ya macho yake. Akipendezwa, kutakuwa na nyingine za zamani.

Nimemfikishia ujumbe. Ila safari hii sikusema kataa wala kubali. Nimemuuliza tu, "Wataka, hutaki?"

Ameongeza ubwabwa.

Karibuni mtoe maoni, na matusi ya wastani nayapokea. Wa "weka picha" atuambie kwanza yuko mtaa gani nimletee kimoja akione kwa macho. Nitajibu wote, maana lazima niushughulishe huu mdomo na kitu. Mtu wangu bado anatafuna, nami nimekaa kimya hapa, na naapa sijawahi kufanya kazi ngumu kama hii.