Utanipaje Mji Usioujua?

Nyumbani kwetu Mwananyamala, kitendawili kilikuwa na sharti lake. Kwa watu wengine, ukishindwa kujibu, mtegaji anasema "nipe mji", unamtajia wowote ule, Tanga au Mombasa, anaupokea na kukupa jibu. Mama hakukubali hivyo. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mwanamke wa Masasi mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Ukimpa mji, lazima uueleze kwanza.

"Utanipaje kitu usichokijua?" alikuwa akituuliza. Ukisema Kairo, umwambie watu wake wanakunywa maji ya mto gani.

Basi mie na kaka yangu tukakua tunaijua miji ya dunia kama wenzetu walivyowajua majirani. Tulijua kuwa Rio de Janeiro maana yake ni mto wa Januari, na kwamba pale Wareno waliingia ghuba wakidhani ni mto. Tulijua kuwa jiji la Meksiko limejengwa mahali palipokuwa ziwa, na sasa linadidimia. Baadaye tukaugeuza mchezo: mmoja anataja habari za mji, mwingine anautambua. Kaka alikuwa hodari wa milima na mito. Mie historia ilikuwa yangu, na nasema bila haya kwamba nilimshinda mara nyingi.

Mama alipata kiharusi baada ya kustaafu, asubuhi moja akipepeta mchele. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Alipotoka hospitali tulimpeleka Madale, nyumbani kwa kaka, kwenye hewa na utulivu, nami nikahamia huko nimuuguze. Daktari alituagiza tumzungumzishe na tusimjibie. Kusema ni rahisi. Mama akitaka maji alisema "hii, hii", tukimletea shuka badala yake anageukia ukutani. Wageni nao walimsemesha kama mtoto mchanga: "Mama, uji mtamu, eeh?" Mie niliyaona macho yake. Yalikuwa yale yale ya darasani, mwanafunzi anapojibu upuuzi.

Alasiri moja nilichoka kuuliza habari za uji. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake.

"Mama, kuna mji umekaa kwenye mabara mawili. Mlango wa bahari unapita katikati. Umebadilishwa jina zaidi ya mara moja. Mji gani?"

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. "Usimchoshe, bwana."

"Mwache. Anaujua."

Midomo yake ikahangaika. "Ba... Ba..." Akatikisa kichwa kwa hasira, akavuta pumzi, akaanza upya. "Bi-za-nti."

Kaka akainamisha uso. "Siyo, mama," akasema kwa upole. "Ni Istanbul."

Mie nilikuwa nimesimama tayari, nacheka na machozi yananitoka. "Kaka, hilo ndilo jina lake la zamani kuliko Konstantinopoli! Amekupita!"

Mama akapiga godoro kwa mkono wake mzima, mara mbili, akimtazama kaka. 

Tangu siku hiyo nilijua atarudi, hata siku ambazo wengine walikata tamaa. Na zilikuwepo. Siku nyingine Roma aliiita sufuria, akalia. Kwa muda mrefu aliniita kwa jina la dada yake marehemu, nami niliitika, ingawa iliniuma. Lakini kila alasiri nilimpa mji, na miji ilivuta maneno mengine nyuma yake: mto, daraja, mfalme, njaa, nipe chai.

Mwaka uliofuata alisema anataka kwenda mwenyewe sokoni Tandale, alikozoea kununua tulipokuwa Mwananyamala. Tukaenda, yeye na mkongojo wake, mie nikibeba kikapu. Muuza nyanya mmoja alimwangalia yule mgonjwa anayekokota mguu, kisha akaniuliza mie kana kwamba yeye hayupo, "Sista, mama yako anataka fungu lipi?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Niulize mimi," akasema, polepole, kila silabi mahali pake.

Muuzaji akashtuka. "Shikamoo mama, unisamehe."

"Marahaba. Hizi laini weka pembeni. Nataka ngumu."