Dole Gumba la Mzee Lameki

Septemba 1957, Kefa Mlowe alikuwa na hakika ya jambo ambalo pale Njombe hakuna mwingine aliyelijali: benki kuu ya Uingereza ilikuwa karibu kupandisha riba.

Alikuwa karani wa chama cha wakulima wa pareto. Kila Jumamosi alisoma magazeti yaliyofika yamechelewa, akanakili bei za Londoni. Mkate, makaa, nauli, vyote vilipanda. Serikali ya huko haitavumilia, aliwaza. Itafanya mikopo iwe ghali ili watu wapunguze kununua. Na benki ya Iringa ingefuata.

Chama kilikuwa kimeahidiwa mkopo wa kujenga banda la kukaushia maua, kwa riba ya sita kwa mia, isiyobadilika karatasi ikishagongwa muhuri. Lakini wanachama walitaka kungoja mavuno.

"Hiyo riba umeiona ikipanda, mwanangu, au umeiota?" mwenyekiti, mzee Lameki, aliuliza mkutanoni. Watu wakacheka.

Kefa, ambaye kusimama mbele za watu kulimtoa jasho, alijikuta akisema kwamba isipopanda kabla ya mavuno, chama kichukue kinyungu chake. Kicheko kikakatika. Kile kishamba cha bondeni, chenye unyevu hata kiangazi, ndicho kilichowalisha wanawe mpaka mahindi mapya. Wakakubali mkopo uchukuliwe sasa.

Mkewe, Ema, hakugomba. Alimuuliza tu kama watoto watakula magazeti.

Alhamisi asubuhi, kwenye karatasi ya mkopo ilibaki alama ya Lameki peke yake. Mzee hakujua kuandika, na alikuwa bondeni akipalilia. Kefa alimteremkia mbio, huku nyuma lori la Makambako likipakia magunia. Alipofungua kikopo cha wino wa kupigia dole, akakuta umekauka. Kurudi kutafuta mwingine kungemkosesha lori, na karani wa benki alifika Makambako Alhamisi tu. Lameki alimtazama, akachovya dole gumba katika tope jeusi la tuta, akalikandamiza kwenye karatasi.

Saa nane, huko Makambako, Festo, yule karani wa benki, aliigeuza karatasi mara mbili.

"Bwana Kefa, hili ni dole au kiazi?"

Akamwambia arudi wiki ijayo na wino. Kefa akajibu kwamba wiki ijayo riba ya sita haitakuwapo. Festo akauliza kama Londoni wamemwandikia barua. Kefa hakuondoka dirishani. Watu walianza kunung'unika nyuma yake.

"Haya, tia sahihi yako pembeni," Festo akasema. "Iringa wakilikataa hili tope, mkopo ni wako peke yako."

Kefa akaandika. Muhuri ukagonga.

Jioni ile redio ya dukani ilitangaza kwamba Londoni riba imepanda kutoka tano hadi saba. Mama mmoja aliendelea kubishania bei ya chumvi. Kefa aliketi juu ya gunia. Kinyungu kimepona, lakini sasa Iringa walikuwa na kila sababu ya kuikataa karatasi ya sita.

Siku tisa hakula vizuri. Barua ilipofika, aliipeleka bondeni bila kuifungua, akaisoma mbele ya Lameki: imekubaliwa, kwa sita.

Mzee akaegemea jembe.

"Vema. Sasa tuambie itashuka lini."

"Sijui, baba."

"Basi shika jembe, tumalize tuta hili."