Labda ya Ernesta

Mkalimani wa wanunuzi wa tangawizi kule Mamba alitia kinywani mwa Ernesta, mkulima wa huko, uhakika ambao mama huyo hakuwa nao. Ni mtu wa sauti laini, hufunga kola mpaka juu hata jua likichoma, na kila kitenzi katika Kiingereza chake hukiongezea neno refu la kukikaza, huku akigonga ngumi kiganjani. Siku ile mnunuzi mgeni aliuliza nani katia mawe kwenye magunia. Ernesta akajibu, “Labda Asteria, ila sikuona vizuri.” Ngumi ikagonga mara mbili. Mgeni akakunja uso, na Asteria akafukuzwa katika kikundi cha wakulima mbele ya wenzake wote.

“Umemwambia nini, baba?” Ernesta alimuuliza mkalimani baadaye.

“Mama, Kiingereza cha vikao hakiamini tu, kinaamini kwa dhati. Hakisemi tu, kinathibitisha pasipo shaka.” Akagonga tena, akitabasamu. “Ukileta labda, watakuona mshamba.”

Siku hizi Asteria wakikutana njiani husema, “Habari yako, shahidi?” na Ernesta huinamisha uso. Deni liko kwa mkalimani: arudi mbele ya mgeni yule, mikono mfukoni, aseme labda.