Waliokuja Kuuliza Tabia ya Golikipa

Kwetu, upande wa Matulo, anayetaka kuoa haamini maneno ya jamaa wa msichana. Nani atakwambia ng'ombe wake hana maziwa? Kwa hiyo hutumwa wazee kwa majirani, waulize taratibu: binti huyu tabia yake ikoje? Majirani nao wana utaratibu wao. Msichana akiwa amekomaa, humsifu mpaka mwenyewe asijitambue. Akiwa bado wa shule, humpaka matope toka utosini hadi kwenye nyayo, wachumba washike njia, mtoto arudi darasani. Nimeiona kazi hiyo ikifanywa mara nyingi, na ni kazi safi.

Hayo yote nayajua tangu nikiwa mdogo. Hata hivyo, mwaka jana niliwapeleka walimu wawili huko bila kufikiri.

Mimi nauza viatu vya mitumba mjini Kitale. Mteja wangu mmoja ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya wasichana yenye timu ya mpira inayoogopwa. Nilimpigia kelele juu ya binti wa kaka yangu, golikipa wa gredi ya tisa, mpaka akaenda Kimilili kumtazama akicheza. Siku hiyo binti alidaka kila kitu, hata kofia ya refa iliyopeperushwa na upepo. Shule ikakubali kumsomesha bure. Lakini naibu ni mzee mwenye tahadhari ya kupita kiasi. Kabla ya hapo walikuwa wamemchukua mshambuliaji hodari, akafika na kumfukuza mpishi kwa mwiko wake mwenyewe. Safari hii, akasema, lazima waulize tabia kwanza, tena kwa majirani, kwa sababu samaki hukunjwa angali mbichi na yeye hachukui aliyekwisha kukauka.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mtoto wa gredi ya tisa amekauka lini? Lakini kaka yangu hakuwa na uwezo wa karo, na bila nafasi ile binti angebaki nyumbani kupalilia mahindi, glavu zimetundikwa msumarini. Nikameza hasira. Nikajifanya hata mshauri: mkono mtupu haulambwi, nikawaambia, bebeni sukari, majani chai na mikate. Wakabeba. Naibu akavaa suti. Kocha wa timu yao, kijana mtanashati asiyependa kuongea, akang'arisha viatu alivyonunua kwangu.

Wewe msomaji labda umeshaona tulikokuwa tunaelekea. Mimi sikuona.

Tulipofika, naibu alinikataza nisiwafuate. Wakaenda kwenye kinu cha posho, ambako watu hawakosi kungoja mahindi yao yasagwe. Nikawaacha watangulie kidogo, halafu nikaenda kujibanza nyuma ya ua wa michongoma, maana sikuzaliwa jana.

Naibu alisalimu vizuri, mfuko wa sukari na mikate ukining'inia mkononi. Kisha akasema kwa adabu zake zote, "Tumekuja kwa habari ya binti wa boma lile pale. Tungependa kujua tabia yake kabla hatujamchukua."

Kabla hatujamchukua! Mwenye kinu akazima mashine. Macho ya watu yakapita kwenye suti, yakateremka kwenye sukari, yakatua kwa kocha aliyekuwa ameinamisha kichwa. Bwana harusi huyo, tena mwenye haya.

Aliyeanza ni kukhu, bibi yetu wa jirani, ambaye alimbeba binti huyo mgongoni miaka yote mama yake akiwa shambani.

"Huyo mutoto? Mayai yangu ameiba, akanunua mandazi. Nikiuliza, ati ni mwewe."

"Wewe unasema mayai?" mwenye kinu akadakia. "Mimi alichukua baisikeli yangu akaingia nayo kwa mto. Baisikeli ikabaki huko, yeye akatoka anacheka."

"Si alipanda juu ya kanisa watu wakiomba?" mama mmoja akauliza.

"Alifuata mpira, bana. Akatoboa mabati, mguu ukatokea juu ya mchungaji."

"Na ile sikio ya kijana wa fundi?"

"Aliuma! Ati kijana amesema wasichana hawajui kudaka."

Kocha alitoa leso akajifuta jasho. Wao wakaona dawa inaingia, wakaongeza kipimo. Kukhu akaapa kwamba binti hajui kupika hata ugali. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kufa, yote kwa pamoja. Naibu alipofunga koti na kusema "Asanteni, tumesikia," niliruka ule ua, nusu ya sketi ikabaki kwenye miiba.

"Nyamazeni!" nikapaza sauti. "Hawa si wakwe! Ni walimu, wanataka kumpeleka shule Kitale!"

Kukhu akakohoa.

"Hayo mayai," akasema, "si nilimpa mwenyewe?"

"Hata baisikeli ilikuwa mbovu," akasema mwenye kinu.

"Na kanisa lilikuwa na joto sana. Sasa tuko na hewa."

"Sikio nalo liko, bana. Linasikia hata kuliko ile ingine."

Nikamweleza naibu desturi yetu, na nilikuwa bado naeleza pale matawi ya mpera ulio kando ya kinu yalipotikisika. Binti akashuka, mapera mfukoni. Alikuwa juu muda wote. Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mjukuu wangu," kukhu akamkimbilia, "tulikuwa tunakufukuzia bwana."

"Najua, kukhu," akajibu. "Lakini hakuna hata moja mlidanganya. Uongo ni wa ugali tu."

Moyo uliniuma vibaya. Watu wazima wote waliokuwa pale walikuwa na mayai yao na baisikeli zao za utotoni, mimi nikiwemo, lakini sisi wakubwa wetu walikufa na siri zetu. Hakuna kati yetu aliyewahi kusomewa utoto wake wote kwa mkupuo, mbele ya watu walioshika kesho yake mkononi.

Binti akamgeukia naibu. "Mwalimu, nikikuja kwenu nitakuja na hizo zote, ama naweza ziacha hapa?"

Mzee yule alimtazama. Akamtazama kukhu, aliyekuwa amekishika kiwiko cha mtoto kana kwamba wakwe bado wako. Akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Ziache hapa," akasema. "Ukifika Kitale utafanya mapya, sina shaka. Hayo ndiyo mimi nitakuuliza."

Ndipo binti akalia.